Kiwanja cha Mita Mia Nne

Zamu yangu ya upatu iliangukia Machi.
Wenzangu saba wakauliza, nikajibu: kiwanja, Chanika.
Sikuwaambia kiwanja chenyewe kimelala ndani ya kontena Kurasini,
Mazda ya mwaka tisini na tatu, zambarau iliyopauka,
injini imekufa, na ushuru wake
unaizidi bei ya marehemu.

Tukaivuta kwa kamba mpaka Keko, kwa Shekilindi.
Mafundi wa jirani wakaja na sahani zao za wali mkononi,
wakachungulia.
"Pistoni ziko wapi?"
"Haina."
"Vali je?"
"Haina."
"Basi hii mashine ya kusaga. Mpelekee mama lishe."

Shekilindi hakucheka. Siku ya tisa
akatoa chuma cha pembe tatu, uzito wa mtoto wa mwezi mmoja,
akanipakatisha.
"Ndiyo hii. Haipandi, haishuki, inazunguka tu.
Kila pembe ina sili, nyembamba kama njiti ya kiberiti.
Mafiga matatu, dada. Moja likicheza
chungu chote kinamwagika."

Miezi mitano.
Sili zilikuja na binamu yake, baharia,
zimefungwa ndani ya soksi.
Bomba la tabo nililichomelea mwenyewe,
mchana karani wa forodha, usiku cheche,
ngao ya welda juu ya kilemba.
Nikajifunza kuisikiliza: ikiwa baridi inaguguma
kama mtu anayegoma kuamshwa.
Inakunywa oili kwa makusudi, si ugonjwa,
ndivyo ilivyoumbwa.
Petroli usiulize.
Mshahara wa Juni uliingia kwenye tanki, ukatoka moshi.

Jumapili, Kigamboni, barabara ya mradi uliokwama,
lami safi inayoishia kwenye mihogo.
Kibali cha mtaa mfukoni, gari la wagonjwa kivulini,
Mwalimu Ngonyani wa hisabati kashika saa.
Kushoto kwangu Aliraza wa Upanga na Subaru lake,
kioo chini, ananisalimu kwa adabu iliyojaa huruma.
Saa tatu tu, jua limeshaiva.
Shekilindi akaleta barafu ya Feri ndani ya kiroba,
akailaza juu ya kipozeo cha tabo.
Gari zima likanuka kolekole.

Kitambaa kikashuka.

Subaru likatoka kama mwizi aliyepigiwa kelele.
Mimi nikabaki, matairi yanaandika moshi,
gia ya kwanza, hakuna kitu.
Tabo ni mgeni rasmi, lazima achelewe;
sherehe ikianza kusinzia ndipo anaingia,
akaingia.
Gia ya pili, mgongo ukagota kitini.
Ya tatu, sauti haikuwa ya chuma tena,
ilikuwa uzi mmoja mrefu unavutwa, unavutwa,
na mimi ndani ya tundu la sindano.
Taa ya nyuma ya Aliraza. Mlango wake. Kioo chake.
Mihogo.

Halafu *tik*,
njiti imevunjika,
na mngurumo ukapungua figa.

Shekilindi akaja mbio, sikio limetangulia.
Hakuuliza nani kashinda.
"Rota ya nyuma," akasema, akafunga macho kidogo.
Aliraza akakunja mikono ya shati, tukasukuma watatu,
hakuna aliyesema neno mpaka kivulini.
Mwalimu akachana karatasi ya daftari:
sekunde kumi na moja nukta tisa,
kwa kalamu nyekundu, mstari chini yake.

Jioni, kikao cha upatu. Mama Mwanahawa akauliza
kile kiwanja kina ukubwa gani.
Nikasema: urefu mita mia nne,
upana wa gari moja.
"Chembamba hivyo! Utajenga nini hapo?"
Harufu ya samaki ilikuwa bado kiganjani.
Nikatia mchango wangu kwenye bakuli,
nikauliza zamu yangu inarudi lini.